Nani Amekula Unga wa Safari?

Chungu bado kiko mkononi mwa Bakili. Najua mmenilaumu wiki nzima, na mama mmoja kanisimamisha sokoni na kapu lake kichwani akaniuliza, "Wewe mwandishi, chini ya kile chungu kulikuwa na nini?" Haya mama, nakujibu. Hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na unga uliosimama, wala hapakuwa na unga ulioporomoka. Palikuwa na udongo wa Mshangano, hapa hapa Songea, umekombwa vizuri, na sisimizi wachache waliofika shughuli ikiwa imekwisha.

"Mjomba," Bakili alisema, "hakuna unga."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba mvua imekatika. Wapagazi waliomzunguka walirudi nyuma, na mmoja wao alikanyaga mzigo wa nta asijali.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo, nimweleze haraka kabla mjomba hajafumbua mdomo. Ni mwaka wa njaa, ile iliyofuata vita vya Maji Maji, baada ya Wajerumani kuchoma maghala na mashamba ya Ungoni. Bakili ni kijana wa hapa Songea, baba yake Mngoni, mama yake Myao. Biashara ya kwanza anaijua: kupima kaniki kwa mkono, kuuza chumvi, kubeba mzigo hadi pwani na kurudi. Kilichobaki ni ile elimu ya juu inayomtoa mtu kwenye uchuuzi ikamfanya mkuu. Nyie mnaohangaika siku hizi kuchagua chuo cha shahada ya pili ya biashara, huyu ni mwenzenu kabisa.

Vyuo vilivyomtaka vilikuwa viwili. Cha kwanza ni msafara wa mjomba wake Daimu wa Nakapanya, kaka wa mama yake, ambaye alikuwa tayari kumfundisha njia zote na siri zote za nta, chumvi na tumbaku. Cha pili ni kampuni ya Mzungu mmoja wa Lindi, na aliyemletea habari zake ni Gaspari, mdogo wa marehemu baba yake, Mkristo aliyebatizwa misheni na msimamizi wa ghala la kampuni hapa mjini.

Tofauti yake ni hii. Kampuni ililisha mwanafunzi peke yake. Daimu alilisha mwanafunzi pamoja na watu wake. Na watu wa Bakili walikuwa mama yake Subira, dada yake Zena, na binti mchanga wa Zena, ambaye ziwa la mama yake lilikuwa limekauka. Nakapanya kulikuwa na mihogo na unga. Songea kulikuwa na mizizi ya porini, nayo ilikuwa inakwisha.

Mtasema basi achague nini tena, si afungashe? Subirini. Wayao wa misafara walikuwa hawampokei mwanafunzi bila kuwauliza wazee waliokwisha kufa. Mkuu humwaga unga chini ya mti wa msolo, ukasimama kama kichuguu, akaufunika kwa chungu, akaenda kulala. Asubuhi ukikutwa umesimama, twende. Ukikutwa umeporomoka, kaa. Na kabla wazee hawajajibu, posho ya msafara haigawiwi mtu wa nje, hata awe dada. Mzee Daimu alikuwa Mwislamu wa swala tano, na mambo haya mawili hayakuwahi kugombana ndani yake hata siku moja.

Wala chungu hakilindwi. Nani angethubutu? Miaka na miaka hakuna aliyethubutu, na ndiyo maana hakuna mtu wa msafara aliyefikiria kwamba safari hii unga ulikuwa unamwagwa katikati ya watu ambao hawajauona unga tangu mashamba yalipochomwa.

Sasa turudi chini ya msolo.

"Ambuje," alisema Salum, nyapara wa wapagazi, akimwita bwana wake kwa heshima ya Kiyao, "nimetembea na wewe mpaka Kilwa, nimetembea na wewe mpaka ziwani. Haijawahi."

Daimu alichutama, akapitisha kidole kwenye udongo.

"Umekombwa kwa mkono," alisema. "Angalieni vidole hivi hapa."

"Labda panya, Ambuje."

"Panya gani anakula halafu anafunika chungu?"

Daimu akasimama, akajipangusa magoti ya kanzu, akawatazama wote mmoja mmoja mpaka akamfikia dada yake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo pamoja na Zena.

"Aliyekula unga huu amekula njia yetu. Akiwa mtu baki, namwachia Mungu. Akiwa wa damu yangu, kuanzia leo si wa mbumba yangu. Nakapanya hatapewa hata maji ya kunawa mikono."

Mbumba kwa Wayao ni dada za mtu na watoto wao, wote walio chini ya ulinzi wa kaka. Mwanamke akitolewa humo, hana kwao. Anaweza kuwa na kaburi la mume, lakini kwao hana.

"Kabla ya adhuhuri tunajitwika," Daimu alimaliza. "Mwenye neno aje. Asipokuja mtu, wazee wamekataa, na Bakili anabaki hapa na watu wake."

Bakili akakiweka chungu chini taratibu. Ndipo akakumbuka uji.

Alfajiri ile mama yake alimpa uji kwenye kata. Aliupokea, akaunywa wote, akarudisha kata na kusema asante mama. Hakuuliza unga umetoka wapi. Mji mzima watu wanachemsha magome, yeye anapewa uji mzito, na haikumjia hata kuuliza.

Msimwone mjinga. Tangu siku baba yake aliponyongwa bomani pamoja na wazee wa vita, na tangu alipomzika mkewe kwa jembe la kuazima, Bakili alikuwa amekufa ganzi. Akiitwa aliitika, akipewa alipokea. Chakula kilipita kooni bila ladha na maneno yalipita masikioni bila uzito. Watu walimsifu kwa uvumilivu, lakini hakuwa akivumilia chochote. Ndani yake hapakuwa na kitu cha kuvumilia.

Wasomaji, mwenzetu alikuwa amekunywa barua yake ya kukubaliwa chuoni, ya moto, kwa kata.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, anasugua chungu kwa mchanga.

"Mama, uji ulitoka wapi?"

"Umeshiba?"

"Ulitoka wapi, mama?"

"Baba yako mdogo aliuleta," Subira alijibu bila kuinua kichwa. "Alfajiri, akienda kusali. Kaufunga kwenye kitambaa."

"Baba mdogo hana unga."

"Najua."

"Kwa hiyo ulijua ni ule wa chini ya chungu."

Subira aliacha kusugua.

"Nilijua nilipofungua kitambaa. Unga wa kwetu nimeutwanga tangu sijaota meno ya pili, nisiujue? Lakini Zena alikuwa amelala pale. Mtoto anavuta ziwa, halitoi. Anafumbua mdomo alie, sauti haitoki. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Bakili alilitafuta jibu moyoni, akapapasa huko na huko kama mtu anayetafuta kitu kwenye nyumba iliyohamwa.

"Sijui, mama."

"Basi na mimi sikujua. Nikakoroga."

Alirudia kusugua. Mikono yake ilikuwa imekonda hadi bangili ya shaba ilikuwa imepanda kwenye kiwiko. Bakili aliiona bangili, akajua kwamba ni jambo la kumtoa mtu machozi, lakini machozi hayakuja.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la kampuni. Gaspari alikuwa ameketi juu ya furushi la mpira wa porini, rozari shingoni, anavuta kiko.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mizimu ya mjomba wako imehama na chakula chake." Akacheka.

"Umeuchukua wewe."

Nilidhani angekana. Na nyie mlidhani hivyo. Gaspari akatoa kiko mdomoni.

"Nimeuchukua mimi. Nimkute mjane wa kaka yangu anachemsha gome la mti, na hatua chache pembeni unga mweupe umelazwa chini uliwe na mchwa! Mungu gani anataka hivyo? Nikaufunga kwenye kitambaa, nikampelekea."

"Halafu ukarudi ukafunika chungu."

"Nilikifunika palepale."

"Kwa nini? Mwizi mwenye haraka hafuniki chungu."

Gaspari akakitazama kiko chake.

"Nikuambie kweli? Mambo yote mawili. Niliwaonea huruma, na nilitaka Daimu akute mizimu imekukataa ili uende Lindi. Mtu anaweza kuwa na mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja, Bakili. Hata padri anajua hilo."

"Nitamwambia mjomba."

"Mwambie! Mimi niko chini ya kampuni, na kampuni iko chini ya boma. Akinigusa, askari hawa hapa. Lakini msikilize vizuri mjomba wako. Hakuuliza nani aliyeubeba. Ameuliza nani aliyeula. Na mimi sikuulamba hata kwa ncha ya ulimi."

Bakili alilipima neno hilo. Lilikuwa kweli, na aliliona lote lilivyo, kwa utulivu, kana kwamba lilikuwa jambo la watu wengine. Akimtaja Gaspari, atakuwa amemtaja mama. Akinyamaza, msafara unaondoka bila wao.

"Acha Daimu aende zake," Gaspari aliendelea kwa upole. "Yeye atakufundisha kutembea. Kampuni itakufundisha kukaa kitini watu wakuletee. Mizani, Kijerumani, bei ya Ulaya. Ukimaliza, huyo mjomba wako atakuamkia wewe."

"Na mama?"

"Nitamwangalia."

"Kwa unga wa nani?"

Hapo Gaspari alianza kutafuta kiberiti, ingawa kiko kilikuwa bado kinawaka.

Jua lilipopanda juu ya milima ya Matogoro, mizigo ilikuwa imefungwa na imepangwa njiani. Daimu alisimama chini ya msolo na bakora yake. Subira alikuja, Zena alikuja na mtoto mgongoni, na nyuma kabisa, ameegemea ua wa watu, alisimama Gaspari. Hakutaka kupitwa.

"Nimengoja," alisema Daimu. "Hakuna aliyekuja. Kwa hiyo..."

"Nimekula mimi," alisema Bakili.

Subira aliinua kichwa kwa ghafla. Bakili hakumtazama.

"Wewe?"

"Mimi, mjomba. Nimeula mimi. Nilikuwa na njaa."

"Njaa! Juzi Salum kakupa paja la digidigi, ukalishika mkononi mpaka mbwa akalichukua. Wewe una njaa tangu lini?"

Wapagazi wakacheka kidogo. Daimu hakucheka. Alimsogelea mpwa wake mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Unga ule umetembea kutoka Nakapanya kwenye mzigo mmoja na tumbaku. Kila mtu wangu ananilalamikia kwa ajili yake. Aliyeula asubuhi, jioni bado anausikia. Haya, niambie. Ulikuwa na ladha gani?"

Swali jepesi kuliko yote. Mtoto angelijibu. Bakili akatafuta mdomoni, akatafuta kooni, akaurudia uji wa alfajiri tangu funda la kwanza hadi la mwisho. Alikumbuka kata. Alikumbuka joto. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

"Sijui, mjomba."

Sasa walicheka wote. Daimu akageuka akawaelekea watu.

"Muongo huyu. Ameanza uongo asubuhi hii, bado hajaujulia. Anamficha mtu."

Mnaona mambo ya dunia? Kijana amesema kweli tupu mbele ya umati, na kweli yake ikaonekana uongo kwa sababu ulimi wake ulikuwa umekufa pamoja na moyo.

Basi pale pale mtoto wa Zena akaanza kukohoa. Zena alimtoa mgongoni, akampa ziwa haraka anyamaze. Mtoto alivuta, akameza, akapaliwa, na maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo yakachuruzika hadi kidevuni. Watu waliona. Daimu aliona.

"Jana ziwa hilo lilikuwa kavu," alisema polepole. "Jana mama yako kaniambia limekauka kabisa. Zena, asubuhi umekula nini?"

Zena hakuwa mtu wa hila, masikini.

"Uji, mjomba."

"Ulikuwa na ladha gani?"

Zena alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake, kisha akatazama chini.

"Tumbaku," alisema.

Gaspari alianza kurudi nyuma taratibu, akaishia nyuma ya mtu mrefu. Daimu hakuwa na habari naye. Alikuwa anamtazama dada yake waliyelala pamoja mkeka mmoja utotoni, na mkono wake ulioshika bakora ulikuwa umekaza.

"Subira. Kuanzia leo..."

"Kabla hujamaliza," Subira alimkatiza, "niulize jina la mtoto."

"La nini? Huyo ni mtoto wa Wangoni. Walikuchukua kwa mahari ya ng'ombe, mambo ambayo kwetu hayako. Wewe na uzao wako ni wao. Nilikubali kuwachukua kwa ajili ya huyu kijana tu."

"Ng'ombe walikuja, mama yetu akakataa hata maziwa yao, nikabaki wa kwetu. Unakumbuka, ulikuwepo. Niulize jina, Daimu. Umekaa hapa siku zote hizi, hujauliza."

Daimu alipumua kwa nguvu. "Haya. Anaitwa nani?"

"Mwanaisha."

Mwanaisha lilikuwa jina la mama yao Daimu na Subira, aliyezikwa Nakapanya, mwanamke aliyeanzisha mbumba yote ile. Na Myao akipewa jina la marehemu, hapewi jina tupu. Anapewa na heshima yake, na anaitwa vile alivyoitwa mwenye jina.

"Jana jioni ulimwaga unga ukamwita mama," Subira alisema. Hakupaza sauti. "Sote tulikusikia. Ulisema, Mama Mwanaisha, kula, utufungulie njia. Sasa amekula. Maziwa haya hapa kidevuni. Unagomba na nani, kaka?"

Daimu akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa ameshiba na alikuwa anatazama majani ya msolo.

Kisha yule mzee wa misafara, ambaye watu wa pwani walimwogopa na watu wa ziwani walimwogopa, aliiangusha bakora, akapiga goti moja mbele ya Zena.

"Shikamoo mama," alimwambia yule mtoto.

Salum naye akapiga goti. Wapagazi wakafuata mmoja mmoja, wengine wakitabasamu, wengine wakijifuta macho. Subira alikaa chini palepale alipokuwa. Bakili alisimama peke yake katikati yao, anaangalia. Alijua kwamba watu wake wamepona. Alijiambia, wamepona, wamepona, kama mtu anayegonga mlango, na hakuna aliyefungua.

"Njia imefunguliwa," Daimu alisema alipoinuka. "Subira, Zena, kachukueni vyenu. Zena atabebwa mpaka apate nguvu."

"Na mimi mjomba, nichukue mzigo gani?" aliuliza Bakili.

Daimu alimwita pembeni, lakini hakumwita mbali, na watu walisikia.

"Wewe hapana."

"Nimesema kweli, mjomba."

"Ndiyo, sasa najua ulisema kweli. Ungekuwa muongo ningekuchukua, biashara ina nafasi ya waongo. Lakini mimi chumvi naipima kwa ulimi. Nta naiuma nijue kama imetiwa mafuta. Tumbaku naijua kwa pua kabla mzigo haujafunguliwa. Wewe umekunywa uji wenye tumbaku, mwaka wa njaa, usijue umekunywa nini. Nitakufundisha nini? Utaninunulia majivu ukidhani chumvi, na siku moja utawapa watu wangu maji mabaya wanywe, kwa sababu wewe uliyaonja hukusikia kitu."

Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Kapone kwanza, mwanangu. Sijui wanaponea wapi."

Bakili alingoja yamuume. Alitaka yamuume. Aliyangoja kwa muda, hayakufika.

"Sawa, mjomba," alisema.

Msafara ulijipanga. Salum alipuliza pembe. Wapagazi wa mbele walijitwika wakaanza kutembea, na hapo Subira akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliketi katikati ya njia.

"Bila huyu siendi."

"Dada, inuka," alisema Daimu.

"Nimezika mume. Nimezika mkwe. Huyu ndiye aliyebaki wa kunizika mimi. Siendi."

"Mama," Zena alilia, "mama, twende, mtoto..."

"Nenda wewe na mtoto. Mimi nimefika."

Daimu alimtazama Bakili, na Bakili alielewa. Akisema neno moja la kubembeleza, mama yake atabaki, na akibaki atakufa kabla ya mvua. Akachutama mbele yake.

"Mama, inuka. Mimi nilikuwa siendi na mjomba tangu mwanzo. Nimechagua Lindi. Nimechagua kampuni."

Subira alimchunguza usoni, jicho hadi jicho.

"Umechagua, au umechoka?"

Wanangu wasomaji, kuna maswali ambayo mtu hapaswi kuulizwa na mama yake njiani.

"Nimechagua," alisema Bakili. Ule ndio uongo mkubwa aliousema siku ile, na kwa kuwa uso wake haukuonyesha kitu, mama yake aliuamini.

Subira alijiinua kwa kushika bega lake. Alimpangusa vumbi kifuani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi, akageuka akawafuata wengine. Hakugeuka nyuma. Bakili aliitazama kaniki yake nyeusi ikipungua kati ya mizigo.

"Umefanya jambo la kiume," sauti ilisema nyuma yake. Gaspari alikuwa ametoka mafichoni. "Nilijua utachagua vizuri. Nimekwisha kumwambia Mzungu, amefurahi sana."

"Tunaondoka lini kwenda Lindi?"

"Lindi?" Gaspari alicheka, akamwekea mkono begani. "Lindi ni kwa wasiojua kupima hata kaniki. Wewe hayo yote umeshayapita. Mzungu anasema mtu kama wewe asome akiwa kazini. Anafungua ghala la kununua nta na tumbaku. Mwanzo utalipa bei kubwa kuliko wachuuzi wote wa msafara, mpaka wasipate hata gramu ya kubeba. Wakishakufa hao, tunashusha bei tunavyotaka. Hilo ndilo somo la kwanza, na ukifaulu wewe ni bwana."

"Ghala liko wapi?"

"Mahali pazuri tu. Watu wanakujua, lugha yao unaijua, kwa mama yako ni kwao."

Bakili aliutazama msafara ulikoelekea.

"Nakapanya," alisema.

"Nakapanya," Gaspari alikubali. "Daimu hatamaliza mwaka."

"Daimu ndiye anayemlisha mama."

"Kwa sasa."

"Na nikikataa?"

"Ukatae uende wapi? Mjomba wako amekukataa mbele ya watu. Na tangu juzi boma linakamata tena kila mwanamume asiye na mwajiri, anakwenda kubeba mizigo ya askari. Mume wa Zena alikwenda hivyo mara ile ya kwanza. Umemwona akirudi?"

Msafara ulikuwa bado haujapinda kona. Wimbo wa wapagazi ulikuwa bado unasikika, na kaniki nyeusi bado ilikuwa inaonekana. Kitu fulani kifuani mwa Bakili, kilichokuwa kimelala tangu siku ya kitanzi, kikageuka upande.

Bakili aliuondoa mkono wa Gaspari begani, akajaza kifua pumzi, akaita jina la mjomba wake kwa nguvu zake zote.

Waliogeuka walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama yake. Wa pili alikuwa askari wa boma, aliyekuwa akishuka njia ya juu na kamba mkononi.